King'ora cha Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025

...na ndiyo maana sikubaliani na wifi Tumpale kwamba mlango wa nyuma unatosha. Baba mkwe anakuja Jumamosi kutoka Ileje. Kwa desturi yetu mkamwana haonani naye uso kwa uso. Wiki tatu tu za ndoa! Nikigongana naye, atasema Brayan wangu ameoa asiye na adabu.

Nimepata dawa. Kibao kidogo chenye chipu, kitambuzi cha mtu anayepita, king'ora. Mtu akifika getini kinalia, nami natoweka. Programu ni mistari kumi na miwili. Brayan ameniazima laptopu yake bila kuuliza lolote. Mume gani huyu.

Jumatano, 5 Machi

Kompyuta imeitafsiri programu kwa lugha ya chipu bila kosa. Kuihamishia kwenye kibao, kompyuta haikioni. Saa mbili nzima. Clever, fundi simu wa hapa Tunduma, akautazama waya na kusema huo ni wa kuchajia tu, haupitishi neno. Akanipa mwingine. Kikalia! Brayan alinishika mikono yote miwili. Nililia pia.

Tumpale aliuliza kama kitamtofautisha baba na mbuzi. Wivu.

Ijumaa, 7 Machi

Kimelia kwa mbuzi. Kwa kuku. Kwa kanga yangu kwenye kamba. Jirani amelalamika. Nikahamishia programu ya kuwasha taa tu, apumzike. Kisha nikaandika mpya: kisilie mpaka mtu asimame sekunde ishirini. Kompyuta ikasema hakuna kosa. Nikakirudisha kibao getini. Brayan ameniita injinia wake. Nimeliandika hapa nisilisahau.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu.

Tumpale alikwenda stendi kumpokea baba, wakapishana. Mimi jikoni. Mtu akakohoa getini. King'ora kimya, basi si yeye. Akakohoa tena. Akakohoa mara ya tatu. Nikatoka na mwiko kumwambia asogee, anaziba kitambuzi.

Uso kwa uso. Nilijitupa nyuma ya pipa la maji. Mzee akanigeuzia mgongo, akauambia ukuta taratibu, "Mwanangu, nimekohoa mara tatu."

Akarudi Ileje na gari la mchana. Hakula. Tumpale alisema, "Wifi, kikohozi cha baba hakihitaji betri."

Jumapili, 9 Machi

Nimekagua. Programu mpya niliitafsiri, sikuihamisha. Kibao kilikuwa kinawasha taa tu. Kwa hiyo mpango wenyewe haukuwa na kosa lolote.

Brayan amempigia baba. Amekubali tuje kuomba radhi, ila ameomba tuje na jogoo tu, bila vyombo vya umeme. Maskini, hajui kwamba nimeshaanza programu ya kutambua kikohozi. Tutafika Ileje kabla mwezi haujaisha. Brayan atabeba jogoo. Kibao nitakibeba mwenyewe, nikifunge getini kwa baba mkwe kabla hajaamka.