Kiwelsh cha Tukuyu

Jumatatu, 10 Novemba

Kikao cha kamati ya jumuiya yetu, Parramatta, hapa Sydney. Ajenda ni sherehe ya watoto waliomaliza HSC, mtihani wa mwisho wa sekondari huku, akiwemo Ikupa, binti wa dada yangu Tumpe. Mgeni rasmi hajapatikana. Mwenyekiti wetu Coletha akasema safari hii awe mtu aliyesoma shule ya maana, watoto wapate mfano. Macho yote kwa Ogutu, Mkenya wetu, ambaye hawezi kunywa chai bila kututajia bweni alilolala shuleni Kisumu.

Mimi tangu nifike Sydney nafasi yangu kwenye sherehe ni moja: jiko la mishkaki. Meza kuu huwa naiona kupitia moshi. Basi. Nikasimama, nikawaambia nimesoma Wales. Sekondari ya serikali, kubwa kama uwanja wa ndege, inafaulisha mpaka shule za kulipia zinaona aibu.

Na si uongo moja kwa moja. Niliisoma hiyo shule kwenye simu, ndani ya treni ya Campbelltown. Ile safari ni ndefu. Mtu makini anashuka akiwa amehitimu.

Ogutu akauliza tulikuwa tunakula nini huko. Nikamwambia makande, Jumapili wali.

"Buda, Wazungu na githeri?"

Nikamwambia ndiyo maana wanafaulu.

Mgeni rasmi ni mimi.

Jumanne, 11 Novemba

Nimewatumia ujumbe wa sauti kwenye grupu, wapate picha kamili. Mchakamchaka alfajiri, kwenye theluji, kifua wazi. Kengele ni kipande cha reli kilichoning'inizwa. Kikigongwa, Ireland wanaamka. Wanafunzi wengi mno. Mstari wa mbele ukianza kuingia darasani, wa nyuma wanakuta muda wa kurudi nyumbani umefika. Na bado wa nyuma wanafaulu.

Grupu zima limetuma makofi. Ogutu kasoma, hajajibu. Wivu.

Tumpe akapiga. "Kaka, hiyo Wales ulienda lini, na kwa shati la nani? Mbona kidato cha pili uliacha shule ukarudi kuchunga?" Nikamjibu kidato cha pili cha kule ni kama chuo kikuu. Kuhusu shati nikamwambia mtandao unakata.

Alhamisi, 13 Novemba

Janga. Coletha anasema mwalimu wa kemia wa Ikupa anatoka Wales kwenyewe. Madam Rhiannon. Amealikwa, amekubali. Kamati inaomba nimkaribishe kwa Kiwelsh na nimwimbie wimbo wa shule. Wazo la nani? La Ogutu. Tena ameongeza kwamba nikishindwa yeye yuko tayari kunipokea kiti.

Nikasema hakuna shida, nichagulieni tu wimbo gani, tulikuwa nazo nyingi.

Nikamwomba Ikupa amwambie mwalimu wake sherehe imehamia Melbourne. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hanijui.

Nimekaa nimewaza, nimepata. Kinyakyusa cha kwetu. Ukumbi mzima anakijua Tumpe peke yake, na ndugu ni ndugu. Nitaimba ule wimbo wa Tukuyu wa kuita ng'ombe warudi zizini. Nimeujaribu kazini, kiwandani Fairfield. Yule Mvietnamu tunayeshona naye magodoro kasema ni Ulaya kabisa.

Jumamosi, 15 Novemba

Suti. Kiti changu meza kuu kimefungwa utepe. Nilikigusa kabla sijakaa.

Nikasimama mbele ya Madam Rhiannon nikaimba. Alinisikiliza ameinamisha kichwa. Jasho likashuka mpaka kwenye soksi. Nikamaliza, akanishika mkono, akasema yeye ni wa kusini, kwao walikuwa wanaongea Kiingereza tu, lakini anajua watu wa kaskazini ndivyo wanavyosema. Akaniomba radhi kwa kutonielewa. Nikamsamehe.

Makofi. Ogutu kanywea kama shati lililofuliwa vibaya.

Hapo ndipo kiitikio kilipotoka kwenye simu ya Tumpe. Alikuwa amempigia Mama kwa video, Tukuyu, amwone mjukuu wake. Na Mama hawezi kusikia wimbo ule ukaachwa bila kuitikiwa. Sauti yake haijawahi kuhitaji spika. Akauitikia wote, halafu akauliza kwa Kiswahili safi, "Lusekelo, ng'ombe wamekupotelea wapi huko?"

Ogutu akainuka taratibu, akafunga na kifungo cha koti.

"Kumbe mathe pia alisoma Wales?"

Mtu mwingine angekimbia. Mimi nikasema ndiyo. Dawati moja.

Coletha akafikiri. Akasema kama ni hivyo tumekosea adabu, haiwezekani mtoto akae meza kuu na mzazi wake yupo, wote wamesoma shule ileile. Wakaichukua simu wakaiweka kwenye kiti changu, juu ya utepe, wakaiegemeza kwa chupa ya Fanta. Mama akahutubia mpaka chaji ikaisha. Watoto walilia. Madam Rhiannon alilia, na hajui hata neno.

Mimi nilichoma mishkaki. Nikiwa na suti. Ogutu alirudi na sahani ya pili, akasema niongeze pilipili.

Jumatatu, 17 Novemba

Grupu limepitisha: mwakani mgeni rasmi ni Mama tena. Nikaona mwanya. Nikapendekeza safari hiyo ahutubie kwa Kiwelsh, kuienzi shule, na mkalimani akae pembeni yake meza kuu. Coletha amekubali. Mkalimani wa Kiwelsh Sydney nzima ni mmoja, na suti anayo, imebaki kuitoa harufu ya moshi tu.

Nikampigia Mama kumweleza mpango. Nilijua atanigombeza. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama huko Wales alikuwa kiranja mkuu, maana yeye hawezi kusoma shule asiwe kiranja mkuu. Nikamwambia Mama, samahani, kiranja mkuu nilikuwa mimi.

Akasema basi nihame shule.

Nimekataa. Marafiki zangu wote wapo pale.