Ndege ya Quilty Haiwekwi Juu ya Nguzo

Jumatatu, 2 Februari

Fundi wa ndege, Bronte Haddrick, ameshinda asubuhi nzima amelala chini ya Wirraway yangu, ndege kuukuu ya vita. Akatoka, akajifuta grisi. Akanywa chai yangu, tena kwa kikombe changu, ndipo akaanza. Propela ndiyo basi tena, mapanga yake yote yamejikunja. Tumbo limechubuka kuanzia injini hadi karibu na mkia. Na injini lazima ifunguliwe, maana propela ikishagonga lami hakuna anayeweza kuapa kuwa ndani ni kuzima. Kisha akanitajia gharama. Nikamwomba ainong'one, mke wangu Noreen alikuwa mlangoni.

Mimi, Lindsay Quilty, niandike ukweli kabla watu wa mji huu hawajautia chumvi. Siku ile ya maonyesho ya Januari nilitua vizuri sana. Kasi sawa, mstari sawa. Magurudumu tu ndiyo yalikuwa hayajashuka. Kengele ya kuonya kwamba magurudumu hayajashuka ililia, ndiyo, nakubali, lakini nilidhani ni Gordon Pfitzner wa moteli ananipigia honi ya gari kwa wivu. Nikampungia mkono. Mtu yeyote angefikiri hivyo!

Bima? Iliisha Desemba. Fedha ile nilinunulia koti la ngozi la rubani. Sijutii. Koti halikupata hata mkwaruzo.

Alasiri akaja Pfitzner mwenyewe, mwenye moteli ya barabara kuu, na viatu vyake vya kung'aa. Anataka kuinunua ndege yangu vilevile ilivyo, aisimamishe juu ya nguzo mbele ya moteli na kuizungushia taa za rangi. Ndege ya vita! Taa za rangi! Nimpe jibu kabla ya katikati ya Machi. Nikamwonyesha mlango. Noreen, mke wangu wa ndoa, akamuuliza rangi zipi.

Lakini kinachoninyima raha hasa ni Shangazi Edie. Ni shangazi yake Noreen, ana miaka tisini na minane, na alipokuwa binti alipigilia ribiti, zile pini za kubana mabati, za ndege hizi kiwandani kule Melbourne. Macho yake yamekwisha, masikio bado yapo. Nilimwahidi mbele ya klabu nzima ya mji kwamba Siku ya Anzac, tunapowakumbuka wanajeshi wetu mwezi Aprili, nitapita juu ya mnara wa mashujaa ili ausikie ule mngurumo mara moja zaidi. Akanishika mkono, hakuuachia haraka. Basi ni kufa na kupona. Aprili iruke, la sivyo nguzo.

Jumamosi, 14 Februari

Nimepata dawa!

Bandani kulikuwa na mabati ya tumbo, yale mabovu, Bronte ameyabandua na kuyaegemeza ukutani. Takataka tupu. Nikachukua mkasi wa bati. Kata vipande vidogo, toboa tundu, tia pete ya funguo, tayari: Kipande Halisi cha Ndege ya Vita. Nimeviuza leo gulioni hadi nikaishiwa. Hata Pfitzner kanunua vitatu, eti vya funguo za vyumba. Nikamtoza bei mara mbili. Akalipa bila kulalamika, jambo lililoniudhi kidogo.

Noreen aliniuliza kama nimemwambia Bronte. Nikamjibu kwamba mfanyabiashara haombi ruhusa. Akaendelea kumenya viazi kwa namna yake ile.

Jumapili, 15 Februari

Bronte amefika. Akatazama ukuta. Akautazama mkasi. Akaketi sakafuni.

Kumbe yale mabati mabovu ndiyo kielelezo! Unayanyoosha, unayalaza juu ya bati jipya, unafuata kila ukingo na kila tundu la ribiti. Kiwanda kilikufa zamani na hakuna duka linalouza tumbo la Wirraway. Nimelikata tumbo la ndege yangu vipande vya ukubwa wa biskuti na kuligawa mji mzima.

Bronte hakufoka. Afadhali angefoka. Aliniambia taratibu, "Lindsay, nenda kavirudishe. Vyote. Ukimaliza, usiguse kitu humu ndani mpaka Mungu akuite."

Jumanne, 17 Februari

Nimezunguka mlango kwa mlango siku mbili, pochi mkononi, nikijua watanikamua. Jamani! Hakuna hata mmoja aliyetaka kurudishiwa fedha yake. Noreen alikuwa ameshapiga simu, kwa hiyo kila nilipofika kipande kilikuwa kinanisubiri barazani, na mara nyingi pamoja na sahani ya kitu cha kula. Muuza mikate alikichomoa kwenye funguo za gari injini ikiwa inawaka. Pfitzner alivirudisha vitatu vyake vimeoshwa, akaniuliza kama na paa la nyumba yangu nalo linauzwa kwa vipande. Nyoo!

Kimebaki kimoja tu. Kimo ndani ya mbwa wa Mick Lanyon, dalali wa kondoo. Mick anasema tuwe na subira.

Jioni nilipita ukumbi wa kanisa. Kina mama wa chama cha wanawake wa mji walikuwa wamepiga magoti sakafuni, miwani puani, wakiliunganisha tumbo la ndege yangu kipande kwa kipande na kubishana kipi kinakaa wapi. Bronte katikati yao, anacheka. Nilisimama mlangoni. Sistahili watu hawa. Nikawaambia hivyo hivyo. Wakanijibu kwamba wanajua, nifunge mlango, upepo unapeperusha vipande.

Ijumaa, 6 Machi

Habari njema mbili. Mbwa wa Mick ametimiza wajibu wake. Na Bronte amepata propela huko Queensland. Mwenye nayo atatushikia hadi Jumatatu tu, kuna mtu mwingine anaitaka.

Kwa hiyo kesho tunafanya mnada klabuni, na Noreen ameoka keki ya matunda. Hapa kwetu keki ya mnada hailiwi. Anayeshinda analipa, anasema "iuze tena", keki inarudi mezani, inanadiwa upya, hivyo hivyo hadi mifuko ikauke. Keki ya mwaka juzi ilijenga paa la kituo cha zimamoto na ikarudi nyumbani nzima.

Lakini kwa nini kuwaachia watu huruma zao? Nina mbinu. Binamu yangu Kev atakaa nyuma. Pfitzner akitaja bei, mimi nitajikuna sikio, na Kev atapandisha. Pfitzner hawezi kuvumilia kushindwa, atapanda naye mpaka atokwe na jasho. Noreen anasema watu watatoa wenyewe bila ujanja. Noreen ni mwema, ila mambo ya fedha hayajui.

Jumapili, 8 Machi

Niandike kwa mpangilio.

Mick Lanyon alinadi kwa kasi ileile anayonadia kondoo. Bei ikapanda vizuri. Pfitzner akataja yake. Nikajikuna sikio. Kimya. Nikajikuna tena. Nikageuka: Kev amelala, kidevu kifuani, bia ya tatu mkononi wala haijamwagika. Nikajikuna mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimeumwa na mdudu.

Mick akainua nyundo. Keki ya mke wangu, iende kwa Pfitzner! Damu ikanipanda. Nikainua mkono mwenyewe. Pfitzner akapandisha. Nikapandisha. Noreen akanivuta koti. Nikapandisha tena, na sasa nadhani safari ile nilikuwa najipandishia mwenyewe. Nyundo ikagonga. Nimeshinda!

Yaani nimenunua keki iliyookwa jikoni kwangu, kwa mayai ya kuku wangu, kwa fedha yangu, ili fedha hiyo niletewe mimi. Bronte alikuwa amejifunika uso kwa kofia. Lakini Pfitzner alikuwa amekaa chini, na mimi nimesimama! Na katika furaha ile, Mungu anisamehe, nikachukua kisu, nikakata kipande kinene, nikala.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Nyundo ya Mick ikabaki hewani. Tangu mji huu uwe mji hakuna aliyewahi kuikata keki ya mnada. Iliyokatwa nani atainunua? Nikasimama pale na makombo kwenye masharubu, naiona propela ya Queensland ikienda zake, naiona nguzo, naziona taa za rangi. Shangazi Edie akauliza kwa sauti mbona kimya hivi, kuna aliyekufa? Noreen akamwambia hapana, Lindsay ameila keki. Shangazi akasema, "Maskini. Kwani nyumbani hamumpi chakula?"

Hakuna aliyecheka. Nilitamani sakafu inimeze.

Ndipo Pfitzner akainuka. Akajikohoza. Akasema keki nzima ameshaziona nyingi, ila yenye pengo ni ya kwanza, na mtu wa moteli anajua thamani ya kitu cha kushangaza wageni. Akataja bei. Ilikuwa ileile aliyotaka kunipa kwa ndege. Watu wakaguna. Mick akagonga kabla hajabadili mawazo. Pfitzner akaitazama keki, akaisukuma mezani, akasema, "Iuze tena."

Lo! Wakaanza. Muuza mikate akainunua, akairudisha. Kina mama wa chama wakachanga, wakairudisha. Bronte akaipata kwa kupunguza ujira wake mwenyewe. Shangazi Edie akainunua kwa pensheni yake, akataka alipapase kwanza lile pengo, akacheka hadi akapaliwa, akairudisha. Kev akaamka akauliza imefika ngapi. Klabu ilipofungwa tulikuwa na propela, tuna injini, na tuna bima, ambayo hati zake anazishika Noreen.

Nilimfuata Pfitzner nje. Nilikuwa nimeandaa maneno makubwa, nikayaacha yote. Nikamshika mkono, nikasema asante, Gordon. Nililia, naandika wazi. Akaniambia nisimpakazie wema bure. Ndege ikiwa juu ya nguzo haianguki, na yeye Jumapili atacheka nini? Halafu akasema, "Tazama magurudumu, mzee."

Nikitafakari sasa kwa utulivu, ni dhahiri mbinu yangu ya kupandisha bei ilifanya kazi.

Jumamosi, 25 Aprili

Imeruka!

Alfajiri tulisimama mnarani kwenye baridi, tarumbeta ikalia, tukatafuna biskuti za shayiri tukiwa kimya. Kisha wote wakanisindikiza bandani. Tumbo jipya linameremeta. Bronte akaniambia nipande, nitazame mbele yangu. Chini ya vioo vya vipimo kulikuwa na kibao. Wameviunganisha vile vipande vya funguo kwa ribiti, kila kimoja kimechongwa jina la aliyekirudisha. Muuza mikate yupo. Kina mama wote wapo. Mbwa wa Mick yupo. Pfitzner yupo mara tatu. Ribiti ya mwisho aliipigilia Shangazi Edie mwenyewe, Bronte akimwongoza mkono. Na juu yake, kwa rangi nyekundu: MAGURUDUMU, LINDSAY.

Nilisema asante mara nyingi sana mpaka Bronte akanifungia kioo.

Nikapita juu ya mnara, chini chini, injini inanguruma mpaka mifupa inasikia. Nilimwona Shangazi kwenye kiti chake, uso ameuinua juu. Noreen alikuwa karibu naye. Anasema Shangazi aliweka mkono kifuani, akasikiliza mpaka sauti ikaisha kabisa, ndipo akasema, "Ribiti zangu zimekaza." Basi. Hata nisiporuka tena maishani, leo imenitosha.

Nikageuza kutua. Pale uzioni nikamwona Pfitzner, simu juu, ananipiga picha. Na honi! Anapiga honi, hata leo! Nikainua mkono kumpungia, na kiwiko kikagonga kibao. Nikatazama chini. Herufi nyekundu.

Magurudumu yalishuka, nikatua, propela nzima, tumbo zima, watu wanapiga vigelegele. Kuhusu ile honi, Pfitzner anaapa alikuja kwa miguu. Iweje basi! Na ningekumbuka mwenyewe, nilikuwa karibu kabisa kukumbuka.

Jumapili, 26 Aprili

Siku ya kushukuru. Nimepeleka mayai kwa muuza mikate, kwa kina mama, kwa Bronte. Mfupa mkubwa kwa mbwa wa Mick. Kwa Pfitzner nimepeleka keki nzima, Noreen ameoka, na sikuigusa njia nzima. Kila mlango nimesema asante kutoka moyoni, na mara mbili nimelia.

Halafu nikawaza kuhusu kibao. Kitu chenye majina ya watu wote wanaonipenda, nikiache bandani kwenye mafuta na vumbi? Kitikiswe na injini mpaka rangi ibanduke? Huko ni kukosa shukrani. Nimekwenda na bisibisi, nimekifungua kwenye ndege kwa uangalifu mkubwa, na nimekitundika sebuleni juu ya koti langu la rubani. Kinapendeza mno.

Noreen amekitazama kitambo, kisha akaenda kumpigia simu Bronte. Nadhani anataka na yeye afurahi.

Jumamosi ijayo naruka tena. Pfitzner amesema atakuja uzioni. Nitampungia mkono.