Hereni za Cheche

Profesa aligonga gazeti kwa kiganja mpaka kahawa yangu ikamwagika.

"Sikilizeni! Hapa, ukurasa wa wanawake. Eti mwanamume anayemjali mkewe anajua hata umbo la uso wake. Uso wa mviringo, hereni ndefu. Uso mrefu, hereni fupi. Na nywele zikiwa fupi, vito ving'ae mpaka jirani avione!"

"Ukurasa wa wanawake unautafutia nini wewe?" Fundi Saa aliuliza bila kuinua kichwa. Benchi letu liko mbele ya kibanda chake, basi anajiona mwenyekiti.

"Utafiti." Huyu hajawahi kufundisha hata kuku kuingia bandani, lakini jina limemganda.

Hapo Cheche, fundi wetu wa kuchomelea vyuma, akatoa kiboksi mfukoni. Ndani mlikuwa na hereni za vioo vya kung'aa, buluu, zinaning'inia kama funguo za mlinzi wa ghala.

"Ndugu zangu, nisaidieni. Dukani wamesema naweza kuzibadilisha kabla ya saa kumi. Nikikosea hapa, nimekwisha."

Kisa chake tulikijua. Mkewe alinyoa nywele Jumatatu, Cheche akagundua Alhamisi, tena kwa kuambiwa na jirani. Shemeji akamwambia neno moja tu: "Huniangalii." Tangu siku hiyo anamwekea chakula mezani, anageuka, anaondoka. Leo siku ya tano, na jamaa amekonda kweli.

Fundi Saa akabandika lenzi jichoni. "Hmm. Kioo hiki."

"Najua ni kioo!"

"Lakini kimekatwa vizuri. Kingo kali, hakuna mapovu. Hapa tu gundi imezidi."

"Kipulizie pumzi!" Profesa alidakia. "Ukungu ukikaa, feki!"

"Feki ya nini, na dukani wameandika kioo?"

Mama Kahawa alikuwa akitujazia vikombe. "Lakini Cheche, mwanangu, mkeo si..."

"Mama, subiri kidogo," Profesa alimkata. "Hili ni suala la kitaalamu. Cheche, uso wa shemeji ni wa aina gani?"

Cheche akafumba macho, akafikiri. "Wa kawaida."

"Kawaida si umbo, bwana! Mviringo au mrefu?"

"Akinuna unarefuka."

"Basi mpime akiwa anacheka!"

"Kicheko nitakitoa wapi mimi tangu Alhamisi?"

Fundi Saa akazitundika hereni kwenye mikono ya miwani yake, akatikisa kichwa huku na huku. "Uzito unafaa. Nimependeza?"

"Kama taa ya ukumbi wa harusi!" Profesa alijibu.

"Jamani, nisikilizeni," Mama Kahawa alijaribu tena.

"Mama, tunapiga kura!"

Tukapiga kura kama hereni zinamfaa shemeji. Mikono yote juu, na wangu ukiwemo. Cheche alikuwa bado anatushukuru tulipomwona shemeji anakuja na kikapu, kichwa kinang'aa kwa mafuta. Cheche akazirudisha hereni kiboksini, akasimama, akamkabidhi kiboksi kwa mikono miwili.

Shemeji alitazama ndani muda mrefu. "Umechagua mwenyewe?"

"Kwa makini, mke wangu. Nimezingatia uso wako, nywele zako, kila kitu."

Shemeji akakishika kidole cha Cheche, cheusi kwa moshi wa kazi, akakipeleka kwenye ndewe ya sikio lake. "Papasa."

Cheche akapapasa. Akahamia sikio la pili. Uso ukamshuka.

"Hakuna tundu," alisema kwa sauti ndogo.

"Halijawahi kuwepo. Miaka kumi na minane."

"Nilitaka kulisema hilo tangu kikombe cha kwanza," alisema Mama Kahawa.

Nilimwonea huruma Cheche mpaka nikainamisha kichwa. Mara nikasikia kicheko. Shemeji alikuwa anacheka mpaka kikapu kimemponyoka, akamshika mumewe mkono.

"Haya, twende dukani kabla ya saa kumi. Ukachukue mkufu. Shingo angalau unajua ninayo."

Wakaondoka.

"Profesa," Fundi Saa aliita taratibu, "wako ametoboa?"

Profesa akakunja gazeti. "Sikio lipi?" Kisha akakumbuka kuna mtu anamsubiri, akaondoka. Fundi Saa naye akafunga kibanda, saa ya mteja bado imefunguliwa mezani.

Mimi nilimwambia Mama Kahawa nimepata dharura nyumbani. Akanijibu nikifika nimwangalie mke wangu mpaka miguuni, nisije nikarudi kesho kumuuliza yeye saizi ya viatu.