Vifungo vya Shati la Bonge

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mwandani wangu,

Nilisema mwezi uliopita kwamba nitaacha kukuandikia. Sikuacha. Nilipumzika.

Cherehani yako bado imefunikwa. Napangusa vumbi juu ya kitambaa, sikifunui. Leo kutwa nimeshindwa kukaa. Nakata nguo, nasimama. Naweka chai, naisahau. Nafungua mlango kuona nani amebisha. Hakuna aliyebisha. Nyumba hii imekuwa kubwa, sijui nani ameiongeza.

Halafu habari ikaja kwenye simu. Mtoto amepotea porini! Mvulana wa miaka minne, kwao wanamwita Bonge. Jana alikwenda na shangazi yake kuokota kuni nyuma ya vilima. Shangazi kainama kufunga mzigo. Kuinuka, mtoto hayupo. Hivyo tu, kama mtu aliyezima taa.

Kuna kundi la simu linaitwa Macho Elfu. Kinyozi, jirani yetu, ndiye aliyeniingiza. Lina watu wengi kuliko waliokuja kukuzika, na wote wanaongea kwa pamoja. Mmoja anasema chui. Mmoja anasema shimo. Mmoja anasema mtoto yuko kwa baba yake mjini, anakula biskuti. Kinyozi amechora ramani nyuma ya kalenda, anasema mtoto amefuata maji. Amepata vidole gumba vya pongezi kundini hadi anatembea ameinua kidevu. Na ule mto aliouchora umefanana na mkia wa panya!

Nami nina macho. Nimetunga uzi kwenye tundu la sindano umri wangu wote. Nitamtafuta huyu mtoto.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mwandani, nimeona kitu!

Kuna picha moja ya Bonge inayozunguka. Ni ya Jumapili ile ile, kabla hawajatoka nyumbani. Shangazi amempakata, amenyoosha mkono wenye simu, amejipiga picha yeye na mtoto. Wanacheka wote wawili. Bonge ana mashavu kama anayepuliza mshumaa. Kavaa shati la mistari myeupe na ya buluu.

Watu wote wametazama mashavu. Mimi nimetazama vifungo.

Viko kushoto kwake! Shati la kike! Shati la mvulana vifungo hukaa kulia kwa mvaaji. Hilo halina mjadala, mwalimu wangu wa ushonaji alinifundisha kwa kofi. Na mfuko wa kifuani nao uko kulia badala ya kushoto. Hapo nilishangaa kidogo. Nikaamua kwamba fundi aliyelishona alikuwa mlevi.

Sasa mvulana anaendaje porini na shati la kike? Jibu liko wazi. Wa kwenye picha si Bonge, ni binti. Shangazi ametoa picha ya mtoto mwingine. Anaficha jambo.

Nikaandika yote hayo kwa jina langu la kundini, Fundi Sindano. Nikaandika polepole, maana ni kidole changu kimoja tu kinachoijua simu. Nikamalizia hivi: shangazi atuambie, shati hili ni la nani? Nikatuma. Nikaiweka simu kifudifudi, nikaenda kunawa mikono kama daktari.

Kurudi, simu imetetemeka hadi imefika ukingoni mwa meza. Vidole gumba! Mioyo! Mtu asiyenijua kaniita Profesa. Ramani ya kinyozi imesukumwa juu huko, hakuna anayejisumbua kuipandia.

Jioni mdogo wako akaleta chakula. Nikamwonyesha. Akasoma amesimama, mkoba begani. Akauliza, shemeji, huyu mama unamfahamu? Nikasema simfahamu, ila shati nalifahamu. Akasema, haya shemeji, kula kabla hakijapoa. Akisema "haya" ni sauti yako kabisa. Nikala.

Ulipokuwa unaumwa kazi yangu ilikuwa kushika beseni na kukuuliza kama taa inakuumiza macho. Madaktari wakiongea, mimi nakunja shuka. Leo nimefanya jambo na watu wamesogea. Usinilaumu kwa kufurahi.

Jumatano, tarehe 6 Machi, asubuhi

Ushindi! Picha ya vifungo imetoka kundini, imeenda kwenye makundi mengine. Mtu ameizungushia duara jekundu na mishale. Mwingine ameitia muziki wa kutisha. Watu wanapiga simu polisi kwa zamu.

Kinyozi kapita hapa, taulo begani. Akasema, mzee, kwenye hilo shati kila kitu kimehama. Vifungo vimehama, mfuko umehama. Hukuwaza labda picha ndiyo iliyohama? Ati kwa sababu yeye kutwa yuko mbele ya kioo, anajua mambo ya kinyume. Nikamwambia wivu ni ugonjwa, akatafute dawa. Akacheka, akasema sawa Profesa, endelea kutuvalisha.

Nyundo ya moyo inanigonga lakini kwa furaha. Nadhani ni furaha.

Jumatano, saa sita

Shangazi amechukuliwa na polisi! Kundini wanashangilia. Nami nikashangilia, kidogo, kwa kidole kile kimoja.

Halafu akaandika mtu aliye huko huko porini kwenye msako. Hakuweka moyo wala duara. Ameandika kwamba yule mama ndiye pekee aliyejua mahali walipofungia kuni. Tangu alipoondolewa wanazunguka tu. Mvua inakuja. Aliyefanya achukuliwe, afanye arudishwe.

Hakuna aliyempa hata kidole gumba kimoja.

Nimekaa. Nimesimama. Nimekaa tena.

Jumatano, jioni

Niseme yote haraka kabla sijabadilisha maneno.

Nilitaka kumfunga kinyozi mdomo. Nikavaa shati langu la buluu, lile ulilolishona wewe. Ulikata uzi wake kwa meno, na mkasi uko mapajani pako, nikakugombeza, ukaniambia meno hayahitaji kunolewa. Mfuko kushoto, kalamu ndani. Nikanyoosha mkono kama shangazi, nikajipiga.

Mfuko uko kulia.

Nikajishika kifua. Mfuko uko kushoto. Nikatazama simu. Kulia! Na vifungo navyo! Mwandani, kwenye ile picha nimevaa blauzi.

Simu inageuza kama kioo. Fundi aliyeshona shati la Bonge hakuwa mlevi. Ameshona vizuri sana.

Nikafuta ujumbe wangu. Haikusaidia kitu, mishale ilikwisha kufika kwa kila mtu. Hapo nikapata hila. Nikafungua jina jipya, Mama Mwema, nikaliwekea picha ya ua. Mama Mwema akaandika kwa upole kwamba ndugu yetu Fundi Sindano huenda amekosea. Lahaula! Walimvamia kama nyuki. Wakasema Mama Mwema katumwa. Wakasema Mama Mwema ndiye shangazi mwenyewe, anaandika kutoka mahabusu. Kisha wakamwita Fundi Sindano aje ampe huyo mwanamke jibu lake. Nikakaa pale na majina mawili ya mtu mmoja, nasubiriwa nijitukane!

Nje mawingu yalikuwa yamekalia vilima. Bonge ana shati la mikono mifupi. Nilijua kitambaa chake hata kwa picha, ni chepesi, kikilowa hakimfai mtu. Nikafunga duka, nikapanda gari hadi kituo cha polisi kilicho ukingoni mwa pori.

Askari wa mapokezi, mtu mnene, alikuwa anatafuna karanga. Nikamwambia nimekuja kwa habari ya vifungo. Akafumba macho. Akasema, mzee wangu, hata wewe? Tangu asubuhi simu yetu haina neno jingine, mkuu kaona heri amhoji yule mama ili tupumue. Nikamwomba ajipige picha. Akaniuliza nimekunywa nini. Nikasema afande, kwa heshima zote, jipige. Akaweka karanga chini, akavuta tumbo, akatabasamu, akajipiga. Nikamwonyesha beji yake. Imehamia kifua cha pili, na jina linasomeka kinyumenyume. Akajipapasa kifuani kuhakikisha beji haijatoka mahali pake. Akamwita mwenzake, naye akajipiga. Mara kituo kizima kinajipiga. Mkuu wao akatoka ofisini kuuliza hapa kuna harusi? Naye akajipiga, mara mbili, ya kwanza hakupendeza.

Kisha akairudisha simu mfukoni. Akasema mtoeni yule mama, upesi, mpelekeni kwa gari.

Ni mdogo kuliko nilivyomfikiria. Miguu imechanwa na miiba, kiatu kimoja kimefungwa kwa kamba. Hakulia. Hakumlaumu mtu. Aliuliza tu kama mvua imeshaanza kule. Yule askari mnene akamwambia, mama, mshukuru mzee huyu, yeye ndiye aliyetufumbua macho. Yule mama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema asante baba, Mungu akuweke. Akaniuliza nimejuaje.

Nikafungua mdomo. Nikasema mimi ni fundi wa nguo.

Ndilo pekee lililotoka. Yeye alishakimbilia gari.

Nimerudi. Mvua inapiga bati. Sijavua shati.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Amepatikana! Mzima! Mzima, Mwandani, mzima!

Shangazi aliwapeleka moja kwa moja hadi kwenye mzigo wake wa kuni, ungali umefungwa. Kutoka hapo wakashuka na kijito, na mvua juu yao, hakuna aliyerudi. Asubuhi mchunga ng'ombe mmoja aliyejitolea akasikia sauti ya mtu anayegomba. Ni Bonge, kakaa chini ya jiwe kubwa, anamfokea chura aliyekataa kuondoka. Miguu imevimba. Midomo imepasuka. Shangazi alipofika, Bonge kamuuliza kwa nini alikwenda mbali vile. Yeye shangazi ndiye aliyepotea!

Nililia dukani. Mteja akadhani ni kwa sababu suruali yake nimeikata fupi. Kweli nimeikata fupi, lakini sikulia kwa hilo.

 Kinyozi ameitundika tu ramani yake juu ya kioo, na kila anayenyolewa anatazama mkia wa panya ukifuata maji.

Shemeji akaja, nikamweleza kila kitu, hadi Mama Mwema. Alianza kwa kukasirika. Tulipofika kwenye beji alicheka hadi akajikalisha kwenye kiti cha cherehani yako. Akakumbuka, akaruka kusimama, mkono mdomoni. Nikamwambia kaa, kiti ni cha kukalia. Akakaa. Mimi ndiye niliyesimama.

Alipofuta machozi akawa mkali. Akasema, shemeji, yule mama angekosa mtoto kwa ajili ya kidole chako kimoja. Iwe mwisho. Nikamwapia. Akanitaka niape kwa jina lako. Nikaapa.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mwandani wangu,

Jana nimekaa kutwa bila kugusa simu. Nimeshona suruali nzima na kurudishia urefu ile nyingine. Nimekunywa chai ingali moto. Ungejivunia.

Leo asubuhi nilifungua kundi kwa nia njema kabisa, kutoa pongezi. Fundi Sindano amefukuzwa. Si kitu. Mama Mwema bado yumo, tena wanamheshimu, wanamwita mama yetu.

Wameweka picha ya uokoaji. Mchunga ng'ombe amembeba Bonge begani, nyuma yao miti na ukungu. Watu wameandika mashairi. Nami nikatazama nikafurahi. Nikatazama uso wa Bonge, nikatazama mikono ya yule bwana, nikashuka.

Suruali yake ina mkunjo wa pasi.

Wa mbele, miguu yote miwili, umenyooka kama rula! Mtu aliyekesha kwenye mvua, akapita vichaka, akavuka kijito! Mkunjo ule haupatikani bila pasi ya moto na kitambaa chenye unyevu. Na hapa kioo hakiingii, mkunjo ni mkunjo ukiugeuza utakavyo. Nimehakikisha. Nimejipiga mara kadhaa.

Najua mdogo wako atakachosema. Atasema yule bwana alikwenda kwake akabadilisha nguo, ndipo wakampiga picha. Yawezekana. Lakini porini pasi imetoka wapi? Na ukungu ule? Sisemi ameiba mtoto. Sisemi kitu. Nitauliza swali tu, kwa upole, Mama Mwema ni mtu mpole. Kiapo kilikuwa cha vifungo. Hii ni suruali.

Nimekwisha kuandika. Nimekwisha kutuma. Nimeiweka simu kifudifudi mezani na nimesimama mlangoni, sijui nimesimamia nini. Ungekuwapo ungeniambia nikae.

Imeanza kutetemeka.

Huko uliko, Mwandani, naomba unikumbuke.