Nani Kayatorosha Maji ya Bwawa?

Gari la matangazo lilipita mwendo wa kinyonga, spika mbili juu ya paa, likatumwagia habari kabla kahawa haijapoa.

"Mnatangaziwa kwamba bwawa la kuogelea la mtaa limefungwa mpaka hapo mtakapotangaziwa tena. Mlinzi wa waogeleaji amesimamishwa kazi kwa uzembe wa kuacha maji yatoroke. Leo saa kumi atajieleza mbele ya kamati."

Benchi zima likageuka kumtazama mlinzi mwenyewe, maana alikuwa amekaa katikati yetu, kikombe mkononi, filimbi shingoni. Ndiyo maana tunamwita Filimbi. Mkewe anasema hata kulala analala nayo.

"Yametoroka?" akauliza Antena, kinyozi wa hapo kona, mtu ambaye habari humfikia kabla ya mwenye habari. "Yametoroka na nani?"

"Na mimi," Filimbi akajibu kwa uchungu. "Eti nafungua koki ya chini, halafu naenda kulala."

"Kwani unafungua?"

"Koki yenyewe ilishikana kutu kabla sijaoa. Haifunguki hata kwa maombi."

Mama Kikombe, mwenye birika na mwenye kijiwe, akatikisa kichwa. "Si walisema jua ndilo linalokausha?"

"Walisema jua," nikadakia mimi. "Wakaulizwa jua gani linalowaka usiku. Wakasema basi ni waogeleaji, wanaondoka na maji kwenye kaptula. Wakapiga marufuku kaptula pana. Sasa wamemaliza kaptula, wamefika kwa mwenye filimbi. Mimi kamati hii naijua. Walipojenga choo cha sokoni, mlango ukawa haufunguki mpaka upande juu ya sinki, walimlaumu nani? Walilaumu unene wa wateja! Nguzo ya taa ilipoanguka wakalaumu upepo. Afadhali upepo, haukuitwa saa kumi kujieleza."

"Wewe na kumbukumbu zako," akasema Mama Kikombe, "ungekuwa tembo ungeshachoka kubeba."

Watu wakacheka. Mtu mmoja tu hakucheka: Turubai, aliyekaa mwisho wa benchi akipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Huyu ni fundi wa kushona maturubai ya malori, na ndiye aliyepewa kazi ya kutandika ile plastiki ya bluu ndani ya bwawa, maana zege la chini lina nyufa kama kisigino cha mkulima. Kamati ilitaka mtu wa plastiki kubwa. Ikaona lori limefunikwa vizuri barabarani, ikasema huyuhuyu. Tena ni shemeji yake Filimbi, kwa kuwa Filimbi amemuoa dada yake.

"Fundi, mbona kimya?" Antena akamchokoza. "Au na wewe umetoroka?"

"Plastiki yangu haina neno," akasema Turubai.

"Haina neno, ina mikunjo! Mikunjo kama shuka ya mgonjwa wa homa. Juzi mwanangu kaingiza mguu kwenye mkunjo mmoja, tukamvuta watu wawili kama gari kwenye matope."

"Mikunjo inazuia utelezi."

"Na zile kona? Umevuta plastiki mpaka haigusi sakafu. Mtu akikanyaga anadundwa kama aliyesimama juu ya ngoma."

"Turubai lisilovutwa ni shuka," akasema Turubai, na hapo kidogo akapata nguvu. "Nimefunika malori mengi kuliko nywele ulizonyoa. Hakuna mzigo wangu uliowahi kuloa."

"Baba," akasema Mama Kikombe taratibu, "bwawa si linatakiwa liloe?"

Nusura nipaliwe na kahawa.

Filimbi alikuwa bado anatazama chini. "Ninyi chekeni. Mimi saa kumi nitasema nini? Maji tunajaza asubuhi mpaka juu. Jioni yamefika kiunoni. Nikifika kesho yake yamesimama magotini. Na hapo hayashuki tena! Kila siku palepale, kama yamepimiwa."

"Ngoja kwanza," nikasema. "Maji ya kukauka hayana nidhamu hiyo. Yakisimama mahali pamoja kila siku, basi mlango wa kutokea uko hapohapo."

"Magotini upande gani?" akauliza Turubai. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kule kwenye kina, shemeji. Sakafu inapoanza kuinama, chini ya ngazi ya chuma."

Turubai akaweka kikombe chini. Akakiinua. Akakiweka tena.

"Baba," akasema Mama Kikombe, "hebu liteme hilo neno."

"Siku ile kabla hawajajaza maji," akaanza Turubai, "mvua ilinyesha. Asubuhi nikakuta maji yametuama juu ya plastiki yangu, pale chini ya ngazi. Dimbwi zima. Nikajiambia, hapa patalemea, patachanika."

"Ukafanya nini?"

"Nilichofanya miaka yote kwenye malori. Turubai likibonyea, unatoboa katundu pale panapobonyea, unagonga pete ya shaba, maji yanapita. Nikatoboa. Yakapita yote, pakakauka kau. Haki ya Mungu, nilifurahi."

Antena akasogea karibu naye kwenye benchi.

"Umetoboa bwawa," akasema Antena.

"Nimetoboa plastiki."

"Ili maji yasituame."

"Ndiyo."

"Ndani ya bwawa."

"Antena, nimeshakusikia!"

Hapo benchi likapasuka. Antena alicheka mpaka akashikilia nguzo. Mama Kikombe alijifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Mimi mwenyewe, niliyekuja hapo na hasira zangu zote, nilizitoa kwa njia ya machozi.

Filimbi peke yake hakucheka. "Shemeji, ulikuwa unajua?"

"Nimekumbuka sasa hivi uliposema magotini. Kaka, mimi maisha yangu yote kazi ni kufukuza maji. Nikiona yametuama, mkono hauulizi kichwa."

"Na waliokagua?" nikauliza, hasira ikirudi mahali pake. "Kazi ilikaguliwa na nani?"

"Kamati nzima. Walisimama ukingoni wakapiga picha. Mwenyekiti akaiona pete inang'aa, akauliza nini ile. Nikamwambia ni ya usalama. Akasema, 'Safi sana, weka na nyingine upande wa pili, zifanane.'"

"Ukaweka?"

"Pete zilikuwa zimeisha."

Antena akateleza kwenye benchi, akakaa chini kabisa.

Alipopata pumzi akatoa shauri lake. "Sikilizeni. Jioni tunapenya, tunabandika kiraka, tunanyamaza. Kesho maji yanajaa, kamati inasema maji yametubu. Nani atauliza?"

Turubai akamtazama kwa tamaa. Nilimwona. "Maana nikisema mbele za watu, nani atanipa kazi tena?"

"Wenye malori," akasema Mama Kikombe. "Kwao tundu lako ni ufundi. Lakini huyu shemeji yako amesimamishwa leo, si kesho. Na gari la matangazo halikupita hapa tu, baba. Limepita na mlangoni kwa dada yako."

Hilo la dada lilimwingia. Akasimama, akajipangusa suruali.

"Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," nikamtia moyo.

"Nitayaoga wapi, na yamebaki magotini?" akajibu, akatangulia.

Tukamfuata wote, hata Mama Kikombe, aliyefunika birika lake na kumwachia mteja mmoja alilinde.

Saa kumi ilipofika, kamati tuliikuta bwawani kwenyewe, imekaa kivulini kwenye viti vya plastiki, Mwenyekiti katikati. Maji yaliyojazwa asubuhi yalikuwa yameshashuka nusu. Kabla Filimbi hajafungua mdomo, Turubai akasema, "Mheshimiwa, mwachieni. Maji niliyatoa mimi. Nilitoboa."

"Haiwezekani," akasema Mwenyekiti. "Tulikagua."

"Mwenyekiti, mimi ndiye niliyetoboa."

"Na mimi ndiye niliyekagua! Unataka kusema kamati haina macho? Uzembe ni wa mlinzi, umeshatangazwa. Kitu kikishatangazwa tutakitanguaje?"

"Basi njoo nikuonyeshe tundu."

Turubai akavua viatu, akashuka ngazi ya chuma na suruali yake, akanyoosha mguu mmoja kuitafuta ile pete chini ya maji. Mguu haukupata pete. Ulipata mkunjo, kazi ya mikono yake mwenyewe. Ukazama, yeye akapinduka, na ghafla tukaona mikono miwili tu inapiga maji kama kuku anayechinjwa.

"Shemeji!" ikasikika, halafu mapovu. "Shemejiii!"

Kamati nzima ikasimama. Viti vikaanguka. "Mlinzi!" akapiga kelele Mwenyekiti. "Mlinzi, mtu anakufa!"

Filimbi akakunja mikono kifuani. "Mimi, mheshimiwa? Mimi si nimesimamishwa?"

"Filimbi, huu si wakati wa hayo!"

"Nikiingia bila kibali, si utakuwa uzembe mwingine?"

"Umerudishwa!"

"Na uzembe?"

"Hakuna uzembe! Tundu ni la fundi, na sisi hatukukagua vizuri! Umerudishwa kazini, mbele ya watu wote hawa! Mwokoe!"

Filimbi akatugeukia sisi wa kijiweni. "Mmesikia?"

"Tumesikia!" tukajibu kwa pamoja, na mimi nikaiweka mahali pake kichwani, pamoja na choo, nguzo na kaptula.

Ndipo Filimbi akasogea ukingoni bila haraka, akainama, akaweka mikono mdomoni.

"Shemeji! Simama! Maji yanakufika kiunoni!"