Pikipiki ya Marehemu Mkwe na Msumeno Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Imefika! Imeletwa kwa mkokoteni hadi kwenye banda letu la nyuma, maana haijawaka tangu baba mkwe afariki, miaka minne sasa. Ni pikipiki ndogo, nyekundu iliyopauka, imenizidi umri kwa miaka miwili. Mama mkwe ameniamini. Anataka niifufue, na Jumamosi atakuja mwenyewe kuiona. Nimeapa mbele ya familia nzima kwamba itawaka, nimesimama, mkono kifuani. Hakuna aliyeniomba niape.

Shemeji amenuna. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi friji. Aliitaka yeye. Amesema karani wa maktaba kama mimi anajua kugonga mihuri, spana ataishikia wapi? Nikamjibu kwamba pikipiki si friji, haitaki mtu baridi. Nilicheka peke yangu. Mama akaamua: isipowaka Jumamosi, anaichukua shemeji.

Haitatokea.

Jumanne, 4 Machi

Nimefungua kabureta. Vipande kumi na vinane. Nimeifunga. Vipande kumi na vitano. Vitatu vilivyobaki nimeviweka kwenye kopo. Nadhani ni vya akiba.

Tangi lina kutu ndani. Nililimiminia siki yote ya nyumba na kuliloweka ndani ya beseni la kufulia. Mke wangu alirudi, akaliondoa tangi, akafua bila kuchungulia yaliyomo. Mashati yangu ya kazini sasa yana rangi ya chai na yananuka saladi. Amesema hakosi usingizi kwa hilo.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya kihistoria. Maktabani nimekutana na picha kwenye jarida la zamani: pikipiki ya mbio, kiti kimoja, nyuma fupi, kifua mbele, kama jogoo anayejiandaa kuwika. Nani kasema kufufua ni lazima kurudishe kilekile? Nikatoka kazini mapema, nikachukua msumeno wa chuma.

Dakika ishirini na tano! Kiti cha nyuma, vyuma vinavyokibeba, madigadi, vyote chini. Imependeza ajabu. Baadaye nikaona taa ya nyuma nayo imo kwenye rundo. Haidhuru. Mwenye macho ataniona.

Nimerudisha tangi, nimetia petroli, nimepiga kiki mara themanini. Haijawaka. Haijakohoa hata kidogo. Goti la kulia limekuwa kubwa kuliko la kushoto.

Alhamisi, 6 Machi

Nje upepo mkali, kwa hiyo tangi nimelipulizia rangi sebuleni. Kijani cha kung'aa. Nilitandaza magazeti sakafuni kote. Ukutani sikutandaza kitu. Sasa kuna umbo jeupe la tangi ukutani, limezungukwa na ukungu wa kijani. Mke wangu alilitazama muda mrefu. Nikamwambia watu wengine hulipia michoro ya namna hiyo. Akaenda kulala kwenye chumba cha wageni.

Kabla ya kwenda, akasema jambo. Alipokuwa mdogo walikuwa wakisimama dirishani, yeye na kaka yake, kuwaangalia baba na mama wakiondoka na pikipiki hiyo. Kila Jumamosi, miaka thelathini na moja, wamekumbatiana kama vijana. Akaniomba kile kiti cha nyuma nikishone vizuri, mama anakipenda mno. Nikajibu kwamba kiti cha nyuma hakitamsumbua tena.

Niliufunga mlango wa banda nikakaa kwenye ndoo. Nimeingia ukoo huu miaka mitatu tu, baba mkwe namjua kwa picha, na nimekata mahali alipokaa mama mkwe nusu ya maisha yake!

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata dawa. Mbao mbili, mto wa kochi, gundi ya viatu, kitambaa cheusi. Ukisimama mbali na kufumba jicho moja, ni kiti kabisa. Mama ni mtu mzima, hatapanda. Atakigusa kidogo, atalia kidogo, atakunywa chai.

Saa kumi shemeji kapita, eti kusalimia tu. Nikatandaza shuka juu ya pikipiki. Akalivuta shuka. Nikamwambia asikalie, rangi bado mbichi. Akakalia.

Mbao zilitoa sauti kama biskuti. Shemeji chini, mto juu. Nilitaka kumwinua, lakini nilianza na mto. Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka machozi, amekaa kwenye mafuta machafu, akipiga sakafu kwa kiganja. Akasema kesho atawahi ili apate mahali pazuri pa kutazamia.

Kiki mia moja na kumi. Kimya.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe kaja saa tatu. Amevaa suruali! Sijawahi kumwona na suruali. Mfukoni glavu za ngozi zilizochakaa.

Aliizunguka pikipiki mara moja. Aligusa tangi, aligusa usukani. Akafika nyuma, akasimama. Kile kiti changu, nilichokigundisha upya alfajiri, alikiondoa kwa vidole viwili kama mtu anayefunua sufuria.

Akauliza kiti kiko wapi. Nikasema kutu, mama. Kutu mbaya sana, ilikula yote.

"Kutu imekata kwa msumeno, baba?"

Nilitazama viatu. Vyangu, vyake, vya shemeji. Nikakubali. Nikasema nisamehe mama, sikujua kwamba ndipo ulipokuwa ukikaa.

"Mimi?" akasema. "Mimi nilikuwa mbele. Mzee hakuwahi kujua kuendesha. Siku ya kwanza alijaribu, akaingia nayo mtaroni. Tangu siku hiyo alikaa nyuma, kanishika mbavu, ananielekeza. Pinda kulia. Punguza mwendo. Miaka thelathini na moja, njia ileile, ananielekeza!"

Mke wangu akasema alidhani najua. Shemeji akasema yeye alijua sijui.

Hapo mama akanyoosha mkono. Mkono wake ulikuwa hewani, pale kiti kilipokuwa, kama umelala juu ya bega la mtu. Hata shemeji aliacha kutabasamu. Nilitamani anitukane. Ingekuwa nafuu.

Mwisho akaushusha mkono. "Basi," akasema. "Hata kingekuwapo, nisingempa mtu mwingine."

Akavaa glavu. Akainama, akafungua koki ya petroli chini ya tangi. Ilikuwa imefungwa. Siku zote hizi! Akaniomba vile vipande vitatu, mke wangu alikuwa ameshamsimulia. Akavirudisha kwenye kabureta kwa bisibisi yangu, huku akiimba chinichini. Kiki moja. Moja tu! Ikanguruma, moshi ukajaa banda, na mama mkwe, miaka sitini na minane, akatoka getini bila kuaga.

Tulingoja dakika arobaini. Roho mkononi. Akarudi macho mekundu, labda upepo, akisema breki za mbele zinafaa, na kwamba akiwa peke yake ni nyepesi mno, inaruka. Kisha akaondoka nayo moja kwa moja. Kwake. Si yangu, si ya shemeji.

Kwa hesabu yangu nimefaulu. Niliapa kwamba itawaka, imewaka.

Jumapili, 9 Machi

Mama ametuma ujumbe. Ananishukuru kwa dhati, na haniruhusu kuisogelea pikipiki hatua tano. Taa ya nyuma atairudisha shemeji. Fundi friji! Mke wangu amenipa brashi na ndoo ya rangi nyeupe nipake ukuta wa sebule. Nimekiri mbele yake kwamba tabia yangu ya kukata kabla ya kuuliza imefika kikomo. Nimeapa. Aliniomba nisiape.

Jumanne, 11 Machi

Zahanati ya meno karibu na maktaba inakitupa kiti cha wagonjwa! Kizima! Kinapanda, kinashuka, kinalala chali, kina taa yake. Nimekileta nyumbani kwa mkokoteni wakati mke wangu hayupo. Wiki ijayo anatimiza miaka mitano ya kazi yake ya kushona nguo, nitamshangaza: kiti cha kukalia kwenye cherehani, cha kwanza duniani chenye kupanda na kushuka.

Hakipiti mlangoni. Kimezidi kama shibiri moja hivi, upande wa kushoto.

Safari hii sikati kiti. Nakata mlango.