Basi Namba Saba Halitakuja Tena, kwa Manufaa ya Taifa

Wilaya ya Songha ina furaha kubwa kuwatangazia wananchi wake wote, walio hai na waliohamia Seoul, kwamba kuanzia Jumatatu basi namba saba limepandishwa hadhi. Awali lilikuwa basi linalokuja. Sasa litakuwa basi lisilokuja.

Tangazo hilo liliandikwa na Bwana Ban Seok-du, mkuu wa Kitengo cha Ushawishi wa Kimataifa, naye alilibandika kwa mkono wake katika vijiji vyote kumi na tisa. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na miwili, mwenye kitambi kidogo na uaminifu mkubwa. Kabla ya hapo alikuwa ameongoza Kitengo cha Mifugo na Samadi kwa miaka ishirini na mitatu. Siku alipohamishwa aliambiwa ofisi ni ileile, meza ni ileile, ila abadilishe kibao cha mlangoni. Akabadilisha, akaingia, akaanza kuushawishi ulimwengu.

Songha ilihitaji kitu. Mwaka uliopita walizaliwa watoto watatu wilaya nzima, na wawili kati yao walikuwa mapacha. Shule ya kijiji cha Yeomok ilikuwa imefungwa, madarasani mnapandwa uyoga. Ndipo watu wa televisheni walipokuja kupiga tamthilia, wakapenda kituo cha basi cha Yeomok, kile chenye benchi la mbao na paa la bati lililopinda. Katika tamthilia hiyo msichana mmoja anakaa pale na mwavuli akingoja basi limfikishe kwa mchumba wake kabla hajapanda ndege. Basi haliji. Haliji kwa sehemu nne nzima. Watu wakalia Seoul, wakalia Manila, wakalia Lima, na baada ya miezi miwili wakaanza kufika Yeomok wenyewe, na miavuli yao, kulia palepale.

Tatizo lilikuwa basi. Lilikuja.

Wanawake watatu kutoka Surabaya walikuwa wamekaa kwenye benchi dakika kumi na moja tu, machozi ndiyo kwanza yanakolea, basi namba saba likatokea kwenye kona, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kama linavyotokea kila siku. Dereva Chu akafungua mlango.

"Akina mama, mnapanda au hampandi? Mnanichelewesha."

Jioni yake mmoja wao akaandika mtandaoni kwamba Songha imemharibia huzuni yake. Watu laki mbili wakampa pole.

Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Pyo Deok-gyu, aliitisha kikao cha dharura. Alikuwa mtu mzito, kilo mia moja na mbili, nywele zimepakwa rangi nyeusi tii, na alizoea kuongea kana kwamba nyuma yake kuna bendera, hata akiagiza supu.

"Baba zetu waliijenga nchi hii kwa chuma na meli," alisema. "Sisi tunaijenga kwa machozi ya wageni. Na hapa kwetu machozi yanakatizwa na dizeli!"

Mtu wa idara ya usafiri alinyoosha mkono. "Mheshimiwa, vipi kama basi lingechelewa kidogo? Tuseme saa moja hivi?"

Mheshimiwa Pyo alimtazama kwa huruma. "Basi linalochelewa ni uzembe. Basi lisilokuja kabisa ni utamaduni."

Bwana Ban aliandika sentensi hiyo, akaipigia mstari. Kwa hakika hakuona kosa lolote ndani yake.

Kanuni zikapitishwa kabla ya chakula cha mchana. Gari lolote lilipigwa marufuku kukaribia kituo kwa umbali wa kilomita mbili. Nguzo za chuma cha pua zilichimbiwa katikati ya barabara, na funguo zake zikawekwa chini ya Kamati ya Kungoja, ambayo mwenyekiti wake ni Mheshimiwa Pyo na ambayo haikutani bila taarifa ya siku saba. Kutoka kwenye nguzo hadi kituoni ilitengenezwa njia ya miguu ya mawe yaliyosuguliwa, kila jiwe umbo la tone la chozi. Vilivyoruhusiwa kupita ni vile tu vilivyoonekana kwenye tamthilia: miavuli, kunguru mmoja, na ile pawatila ya sehemu ya sita, yaani trekta dogo la magurudumu mawili, iliyopita nyuma ya msichana kwa sekunde nne ikivuta tela lenye bibi kizee na magunia ya vitunguu.

Ilibaki kumwarifu abiria. Alikuwa mmoja, Bibi Maeng Ok-rye wa Yeomok, miaka sabini na tisa. Kila Jumanne alipanda basi namba saba kwenda kuchomwa sindano ya goti mjini, na siku za gulio aliliburuza gunia lake la vitunguu hadi ndani, Dereva Chu akimsukumia kwa nyuma.

Bwana Ban alimkuta kibarazani akifunga vitunguu mafungu mafungu.

"Bibi, nimekuletea habari njema."

"Mmepata dawa ya magoti?"

"Basi limefutwa. Kwa maana ya kupandishwa."

Bibi Maeng aliendelea kufunga. "Wee Ban, ulivyokuwa unakuja kuhesabu ng'ombe ulikuwa unaongea vizuri tu. Umepatwa na nini?"

"Bibi, sasa hivi dunia nzima inaitazama Yeomok."

"Basi dunia nzima inipeleke kwa daktari."

"Wilaya imekufikiria pia." Bwana Ban alitoa karatasi kwenye mkoba. "Unaweza kuteuliwa Mngojaji Daraja la Kwanza. Unakaa kituoni, unangoja. Wageni wanapenda uhalisia."

"Nangoja nini?"

"Basi."

"Lile lisilokuja?"

"Hilohilo."

Bibi Maeng alicheka mpaka akakohoa. Karatasi hakuitia saini. Lakini Jumanne asubuhi alivaa koti lake la siku za sindano, akatembea na mkongojo hadi kituoni, akakaa. Kama hawataki alipande, aliwaambia majirani, watamkuta hapohapo amelingoja hadi waone haya.

Hakuna aliyeona haya. Wageni walifurahi mno. Walijipanga kumpiga picha, walimshika mkono, walimfunika kwa blanketi. Naye, kwa kuwa hakuweza kukaa bure, akaja na gunia la vitunguu akawagawia wamenye. Mwanamke wa Surabaya, mwalimu wa Santiago na wachumba wawili wa Lagos walikaa bega kwa bega wakimenya, na macho yakawatoka machozi ya kweli, ya kuwasha, yasiyozuilika. Bwana Ban alisimama pembeni na daftari. Taarifa yake ya mwezi ilisema kiwango cha machozi katika kituo kimepanda mara tatu, na ushiriki wa wazee katika uchumi mpya ni wa kuridhisha.

Hapo ndipo lile goti lilipoanza kumsumbua Bwana Ban. Goti lenyewe lilikuwa la Bibi Maeng, lakini halikumsumbua peke yake. Jumanne ya kwanza alikosa sindano. Ya pili akakosa. Wiki ya tatu Bwana Ban alipita kijijini kuchukua takwimu, akamkuta Bibi anashuka kibarazani kinyumenyume, kwa mikono na matako, kama mtoto anayejifunza ngazi. Bibi alimwona, akaendelea kushuka. Bwana Ban angeona nafuu kama angetukanwa. Alirudi nyumbani, mkewe akamwekea mchuzi wa maharage ya kuchachushwa, ule aupendao kuliko vyote, akautazama hadi ukapoa.

Asubuhi iliyofuata alisoma kanuni upya, neno kwa neno. Kisha alikwenda ghala la Mifugo na Samadi, akafuta vumbi kwenye pawatila moja, akaiwasha. Mkono ulikuwa bado unakumbuka. Kuanzia hapo kila Jumanne, saa za kazi, Mkuu wa Kitengo cha Ushawishi wa Kimataifa alimpakia Bibi Maeng kwenye tela na magunia mawili, akamvuta mwendo wa punda hadi mjini na kumrudisha. Pawatila ilipita katikati ya nguzo bila kuzigusa. Katika taarifa aliandika: "Maonyesho yanayotembea ya urithi wa sehemu ya sita." Mheshimiwa Pyo aliisoma akaisifu.

Mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, Naibu Waziri wa utamaduni alikuja kutoka Seoul kuangalia mafanikio. Alikuwa mama mdogo wa umbo, mwenye viatu vya kupandia milima, na alifuatwa na maofisa wanane na kamera mbili. Mheshimiwa Pyo aliwaongoza kwenye njia ya mawe huku akieleza. Alikuwa na haraka. Saa tisa alasiri alitakiwa kwenye makao makuu ya mkoa, mwendo wa saa moja na nusu, kuhojiwa na chama chake ili agombee ugavana. Alikuwa amehesabu kila kitu: ataongea dakika ishirini, atakaa kwenye benchi dakika moja apigwe picha akingoja, ataondoka.

Mvua ikaanza. Maofisa wakapiga makofi, wakidhani imepangwa.

Hatua thelathini kabla ya kituo, Mheshimiwa Pyo alikanyaga chozi lililosuguliwa vizuri kuliko mengine. Alikwenda chini wima, kama jokofu. Walipomwinua na kumkalisha kwenye benchi, kifundo cha mguu kilikuwa kimeshavimba kama kiazi kitamu.

Alimpigia dereva wake. "Leta gari hapa."

"Mheshimiwa, kuna nguzo."

"Ng'oa!"

"Ni chuma cha pua, Mheshimiwa. Wewe mwenyewe ulisema ziwe za kudumu."

"Basi tafuta ufunguo!"

"Nimeipigia simu kamati. Wanasema mwenyekiti aandike barua ya siku saba."

Katibu wake, kijana mwembamba kama mwavuli uliofungwa, alichuchumaa ambebe mgongoni. Walifika hatua kumi na moja. Wote wawili walirudishwa kwenye benchi na wageni wa Lima. Hapo Mheshimiwa Pyo alisahau yote aliyowahi kusema, akapiga simu gereji ya mabasi.

"Chu! Mimi Pyo. Lete namba saba Yeomok mpaka kwenye nguzo, halafu watu wako waje na machela. Sasa hivi!"

"Haliji, Mheshimiwa," alisema Dereva Chu kwa heshima zote. "Kuja kwake kunaharibu utamaduni."

Mheshimiwa Pyo aliishusha simu. Saa yake ilionyesha saa saba na dakika ishirini. Alitazama barabara tupu, mvua ikimtiririkia usoni pamoja na rangi ya nywele, na mdomo wake ukaanza kutetemeka. Mwalimu mmoja wa Manila aliweka mkono kifuani. Mwingine akatoa leso. Katibu alitaka kumfuta bosi wake uso, lakini Naibu Waziri alimshika mkono.

"Usimguse," alinong'ona. Macho yake mwenyewe yalikuwa yamelowa. "Mwache amalize."

Ndipo ukasikika mlio wa pawatila, na Bwana Ban akatokea, Bibi Maeng nyuma kwenye tela, amevaa koti la sindano, mwavuli juu.

"Ban!" Mheshimiwa Pyo alinyanyua mikono. "Ban, ndugu yangu! Mungu amekuleta. Shusha huyo bibi, nipakie mimi!"

Bwana Ban alisimamisha pawatila. Alimtazama mkuu wake, akamtazama Bibi Maeng, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ya utumishi alihisi kwamba anajua jibu kabla ya kuulizwa swali.

"Mheshimiwa, kanuni inataja bibi kizee na vitunguu. Mkuu wa wilaya hatajwi."

"Kanuni niliandika mimi!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Tumeijifunza kwa moyo."

"Mimi nina usaili saa tisa! Yeye ana nini?"

"Nina goti," alisema Bibi Maeng. "Lakini mwanangu, mimi si mtu mbaya. Sogea uje, ukae juu ya gunia. Kichwa uinamishe, usionekane sana."

Mheshimiwa Pyo alilitazama gunia. Alizitazama kamera mbili za Seoul na simu arobaini za ulimwengu. Gavana mtarajiwa akiingia mkoani juu ya vitunguu, kichwa kimeinama.

"Siwezi," alisema kwa sauti ndogo.

"Haya, ngoja," alisema Bibi Maeng. "Tunarudi saa kumi na moja." Alimrushia fungu la vitunguu mapajani. "Menya menya kidogo. Muda unakwenda."

Bwana Ban akatia gia.

Tiketi ya ugavana ilikwenda kwa mtu mwingine saa tisa na robo. Kufikia saa moja jioni, "Mzee wa Suti", kama alivyobatizwa mtandaoni, alikuwa ametazamwa na watu milioni kumi na mbili, akimenya kitunguu na kutazama barabara, machozi meusi yakimshuka mashavuni. Barua kutoka Seoul ilifika Ijumaa. Ilisema wizara imeamua kuifadhili Songha kwa miaka mitano, kwa sharti kwamba Mheshimiwa Pyo aonekane kituoni kila Jumanne na Jumamosi, na suti ileile, isipigwe pasi. Baraza la wilaya lilipiga kura kwa dakika moja. Madiwani walimpongeza mmoja mmoja, wakimpa mkono kama mtu aliyefiwa.

Basi namba saba lilirudishwa kimyakimya, likapewa njia nyuma ya mashamba ya jinsengi, ile mizizi ya dawa, ambako kamera hazifiki, na Dereva Chu akapiga honi mara mbili mlangoni kwa Bibi Maeng siku ya kwanza. Bwana Ban aliomba kurudi Mifugo na Samadi. Ombi linashughulikiwa.

Jumamosi iliyopita mvua ilinyesha vizuri. Mama mmoja aliyetoka Guadalajara alikaa kwenye benchi karibu na Mheshimiwa Pyo, akamuuliza kupitia simu yake inayotafsiri anamngoja nani.

"Mtu yeyote," alisema Mheshimiwa Pyo. "Mtu yeyote mwenye gari."

Mama yule alilia sana. Kisha akajifuta, akarekebisha simu yake, akamwomba kwa adabu arudie tena, safari hii asitazame kamera.